Amri za Gumzo: Yapi Yajibiwe na Roboti, Yapi Tujibu Wenyewe



Ndugu wasomaji, wazee wetu na vijana wetu wa pwani, juma hili tumepewa nafasi katika ukurasa huu wa familia tueleze kazi ambayo wengi wenu mmeyaona matunda yake bila ya kuijua. Kila darasa letu linaporushwa moja kwa moja kutoka Kambi Muru, Kibera, mtu akiandika katika gumzo la pembeni neno dogo lililotanguliwa na alama ya mshangao, kama vile !ratiba au !kitabu, hujibiwa papo hapo. Anayejibu si mtu. Ni roboti ya gumzo, nayo husema yale tu tuliyoiandikia sisi. Sisi ni watu wanne wa nyumba mbili zinazopakana, dada wawili, mpwa wao na jirani yao, na kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukizitunga amri hizo, tukizipima na kuzifuta.

Kwa asiyetufahamu, Kambi Muru ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera. Wazee wa Kinubi waliokaa hapa baada ya utumishi wao katika jeshi la King's African Rifles waliiita ardhi hii Kibra, yaani msitu, na mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Msitu haupo tena, lakini udugu na pwani haukukatika. Wapo mabinti wa huku walioolewa Mombasa na Malindi, na wapo waalimu waliosomea Lamu wakaja kusomesha huku. Darasa likianza, mabati ya Kibera husikilizwa yakigongwa na mvua katika nyumba za Kibokoni.

Urushaji huu ulianza kwa dharura. Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Julai zilipofunguliwa, zilifunguliwa kwa masharti: waumini wasiozidi 100, kwa muda usiozidi saa moja, na walio na umri wa zaidi ya miaka 58, pamoja na watoto walio chini ya miaka 13, wabakie majumbani. Madrasa hazikufunguliwa. Kwa hivyo watu wawili ambao darasa letu liliwekwa kwa ajili yao, mzee na mtoto, ndio waliozuiliwa mlangoni. Tukaweka simu juu ya rafu ya vitabu, tukaunganisha na YouTube, na haboba zetu wakasikiliza wakiwa wamekaa kitandani. Masharti yaliondoka, simu ikabaki rafuni, kwa kuwa kufikia wakati huo walikuwa wamekwisha kuingia ndugu wa Muscat, wa Jeddah na wa London, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwafungia.

Gumzo la pembeni liliingia pamoja nao. Wale waliokua wakisikiliza redio watakumbuka vipindi vya salamu, mtu akitaja kijiji chake, kisha majina ya jamaa zake kumi, hadi mtangazaji ahemewe. Basi gumzo letu lilikuwa hivyo hivyo, ila kila mmoja alikuwa ameshika kipaza sauti chake mwenyewe. Salamu zilikuwa raha. Mzigo ulikuwa katika maswali, kwa sababu yalikuwa yale yale: darasa lijalo ni lini, tunasoma kitabu gani, tumefika ukurasa wa ngapi, rekodi ya juma lililopita iko wapi. Anayejibu alijibu mara ishirini, na akijibu hakusikia darasa. Mmoja wetu alisema kwa masikitiko kwamba katika Ramadhani nzima alikuwa hajui hata mlango mmoja wa kitabu uliosomwa, ila anaijua kwa moyo namba ya kila ukurasa.

Ndipo tukaleta roboti. Tuliyoichagua inaitwa Nightbot, nayo hutumiwa bure. Hukaribishwa katika chaneli na kupewa cheo cha msimamizi, kisha mwenye ruhusa huiandikia amri pale pale gumzoni au katika ukurasa wake wa mipangilio. Kila amri ina sehemu nne: jina lake, maneno ya jibu, daraja la watu wanaoruhusiwa kuiita, na muda wa kupumzika kabla haijaitika tena, ili mtoto aliyeshika simu ya babake asiijaze skrini kwa kubonyeza neno moja. Zaidi ya amri, upo ujumbe wa saa, ambao roboti huurudia wenyewe kila baada ya dakika kadhaa bila ya kuulizwa. Na upo mchujo, unaozuia viungo vya tovuti na maneno tuliyoyapiga marufuku. Kijana yeyote anayeweza kuandika ujumbe wa simu aweza kujifunza hayo kwa alasiri moja.

Ugumu ulikuwa katika maneno. YouTube haipokei katika gumzo ujumbe unaozidi herufi 200, na katika herufi hizo 200 ni lazima aelewe bibi wa Siyu na mjukuu wake aliyezaliwa London.

Chukueni mfano wa swali jepesi kuliko yote: darasa ni lini? Kijana wetu alikuwa tayari kuandika kwamba darasa ni usiku wa Ijumaa. Mama yake akamshika mkono. Kwa hesabu ya wazee, siku huanza jua linapozama, basi usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Kwa hesabu ya shule na ofisi, ni ule unaoifuata. Maneno matatu, na nusu ya wasikilizaji wangekuja siku moja kabla ya wenzao. Kisha ikaja saa. Ukiandika 2:30, aliyezoea saa ya Kiswahili anaelewa baada ya isha, na aliyezoea saa ya Muscat ya kazini anaelewa usiku wa manane. Ukiandika 20:30, haboba anauliza hiyo ni saa gani tena. Baada ya mashauri ya siku mbili, !ratiba ilitoka hivi: darasa ni Alhamisi jioni, usiku wa kuamkia Ijumaa, saa mbili unusu kwa saa za Nairobi na Mombasa, saa tatu unusu Muscat. Ndugu wa London tuliwatungia amri ya peke yao, kwa kuwa saa zao husogezwa mara mbili kwa mwaka: majira ya joto darasa huwafikia saa kumi na mbili unusu jioni, na majira ya baridi saa kumi na moja unusu. Amri hiyo ina mtu maalumu wa kuibadilisha Machi na Oktoba, na jina lake limeandikwa ubavuni.

Hapo tulijifunza jambo ambalo limekuwa msingi wa yote yaliyofuata. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, alilitoa darasa msikitini akalitia katika karatasi, likawafikia wasiokuwapo. Lakini gazeti lina tarehe kichwani. Anayeliokota baada ya mwaka huona kwamba hilo ni la mwaka jana, naye hupima. Jibu la roboti halina tarehe. Likiwa limeandikwa jana au miaka mitatu iliyopita, hutoka na uso ule ule, jipya kama mkate wa asubuhi, na anayelipokea hudhani kuna mtu aliyelifikiria sasa hivi kwa ajili yake. Kwa hivyo tukakubaliana kuwa amri yoyote isiyo na mtu hai wa kuichunga isiwepo, hata ikiwa ni ya manufaa namna gani.

Ramadhani ilitupa mtihani wa kwanza. Wasikilizaji waliomba amri ya !maghribi, iwatajie wakati wa kufuturu. Ombi ni jema, na roboti yaweza hata kuonyesha saa ya Nairobi ilivyo wakati huo. Lakini Nairobi iko karibu na digrii 36.8 mashariki, na Mombasa karibu na 39.7, na jua hulipita kila digrii moja kwa dakika nne. Kwa hesabu hiyo peke yake, jua la Mombasa hutua kiasi cha dakika 11 kabla ya la Nairobi, na la Lamu kiasi cha dakika 16, mbali na tofauti ndogo zinazoletwa na majira. Tukiandika wakati wa Mombasa, mtu wa Kawangware atafungua saumu jua likiwa bado mbinguni. Tukiandika wa Nairobi, mtu wa Lamu atakuwa anakula daku alfajiri ikiwa imekwisha kumwingilia. Saumu ya mtu si kitu cha kuchezewa kwa sababu sisi twataka kuonekana wepesi wa kujibu. Amri ikawa !futari, na jibu lake ni kwamba kila mmoja afuate adhana ya mji alioko, pamoja na dua ya kukubaliwa. Wapo walioona jibu hilo ni la mkato. Hatukulibadilisha.

Usiku wa 29 ulikuwa mgumu zaidi. Mnajua nyote hali ilivyo katika kuandama kwa mwezi: wapo wanaongoja tangazo la Kadhi Mkuu, wapo wanaofuata habari za Makkah, na katika nyumba moja waweza kumkuta mume amefunga na mkewe amefungua. Usiku huo !mwezi huitwa na watu wengi kuliko amri nyingine zote. Tuliamua mapema kwamba jibu lake lisiseme mwezi umeandama wala haujaandama, hata baada ya tangazo kutoka. Lasema tu kwamba mwalimu atalisoma tangazo kwa sauti yake, na msikilizaji amsikilize yeye. Mkono ulioandika amri hauonekani, lakini uso wa mwalimu unaonekana, na mtu akitaka kumrudi ajua pa kumpata.

Liliwahi kuletwa ombi jingine, la upendo mtupu. Roboti inaweza kuhesabu ni mara ngapi amri imeitwa. Vijana wakaomba !swala, ili kila anayemsalia Mtume, sallallahu alayhi wasallam, aibonyeze, na hesabu ya usiku mzima ionekane. Tulivutiwa. Lakini jirani yetu, ambaye ndiye mjuzi wa mipangilio, alieleza kwamba roboti huhesabu miito iliyoitika tu. Watu watatu wakiandika kwa pamoja ndani ya muda wa kupumzika, huhesabiwa mmoja. Mtu mmoja akiandika mara hamsini bila ya kuusogeza ulimi, huhesabiwa mara hamsini. Mwalimu alipoelezwa hayo alitabasamu, akasema kuwa hesabu hiyo inayo mahali pake pa kuandikwa, na pale haikosewi. Amri haikuwekwa, na kila mtu aliendelea kusalia pale alipo.

Sasa twaja kwenye fedha, na hapa ndipo penye hatari ya wazi.

Moto ni ndugu mbaya wa Kibera. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na ukiwaka mmoja, mtaa mzima hubeba maji. Msimu mmoja familia jirani iliunguliwa na kila kitu, na darasa likaamua kuchangisha. Tulitunga !mchango, yenye namba ya malipo ya kamati na jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji, kwa kuwa M-Pesa humwonyesha mtu jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kusitisha. Mchujo ukaongezewa kazi ya kuzuia ujumbe wowote wenye namba ya simu. Tulidhani mlango umefungwa vema.

Katikati ya mchango akaingia mtu mwenye picha ya mwalimu wetu, na jina la mwalimu wetu lililotofautiana kwa herufi moja tu. Akaandika kwamba namba ya kamati imejaa, watu watume kwake. Namba yenyewe hakuiandika kwa tarakimu, kwa kuwa alijua mchujo huzuia tarakimu. Aliiandika kwa maneno, sufuri, saba, mbili, na kuendelea, kama mtoto anayesomewa hesabu. Roboti iliona sentensi ya Kiswahili isiyo na kosa, ikaipitisha. Aliyeona ni mpwa wetu, aliyekuwa amekaa sakafuni na simu magotini. Alimwondoa mtu yule katika gumzo kabla hata hajamaliza ujumbe wake wa pili, akatoa ishara kwa mwalimu, naye mwalimu akakatiza darasa na kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba namba haiandikwi na mtu yeyote, hata na yeye, bali hutolewa na !mchango peke yake.

Tangu usiku ule tunazo kanuni ambazo twapenda kila msikiti na kila familia inayorusha maulidi, arusi au khitma izichukue kwetu bure. Kwanza, amri ya fedha hubadilishwa na watu wawili waliokubaliana, kamwe si na mmoja peke yake, hata akiwa ndiye mwaminifu kuliko wote. Kwani kanuni hii humlinda yeye kabla ya kuilinda fedha. Pili, namba iwe ya kamati, isiwe ya mtu binafsi. Tatu, jibu litaje siku ya mwisho wa mchango. Nne, siku hiyo ikifika, amri isifutwe mara moja. Ukiifuta, anayeuliza hukutana na kimya, na kimya ndicho anachokitafuta mwizi ili akijaze. Sisi huibadilisha iseme kwamba mchango umefungwa na kuwaombea kheri waliotoa, ikae hivyo mwezi mzima, ndipo tuifute. Tano, kwa kuwa rekodi ya YouTube yaweza kubakia na gumzo lake, usiku wa mchango twazima gumzo lisionekane katika rekodi, ili anayeitazama baada ya miezi asije akatuma fedha kwa jambo lililokwisha.

Ujumbe wa saa nao una adabu yake. Ni kitu kizuri, hukumbusha ratiba bila ya kumchosha mtu. Lakini haujui kilichotokea. Msiba haungoji darasa liishe. Imewahi kuja habari ya mauti katikati ya kisomo, mwalimu akainama, watu wakaanza kuandika inna lillahi. Dakika chache baadaye roboti ingalitoa, kwa furaha yake ile ile, mwaliko wa karamu ya maulidi. Haikutoa, kwa sababu kanuni ya kwanza katika daftari letu, iliyoandikwa kwa wino mwekundu, ni kwamba habari nzito ikifika, kabla ya jambo jingine lolote, zima saa. Dada mdogo aliizima akiwa analia. Wafiwa hawakujua, na haikuwapasa kujua.

Tumeliacha mwisho jambo lililotuchukua mashauri marefu kuliko yote.

Usiku mmoja mwanamke aliandika gumzoni. Hakutumia jina lake. Alisema mumewe amemtamkia talaka kwa hasira, tena zaidi ya mara moja, kisha amerudi na kukaa kama kwamba hakuna kilichosemwa, naye hajui kama yeye ni mke au si mke. Kabla mwalimu hajainua macho kitabuni, wasikilizaji walikuwa wamekwisha kumgawanya. Mmoja alisema amekwisha kuachika, wa pili akasema hapana, wa tatu akataja madhehebu, wa nne akamlaumu kwa kuyatoa ya nyumbani hadharani. Baada ya usiku huo ikaja rai, kutoka kwa watu wema, kwamba tutunge amri ya !talaka, iliyobeba jibu ambalo mwalimu aliwahi kulitoa darasani juu ya jambo kama hilo, ili mabishano yasitokee tena.

Tulimpelekea mwalimu rai hiyo. Alituuliza kama twakumbuka, siku ile alipojibu, ni maswali mangapi alimwuliza muulizaji kabla ya kumjibu. Tulikumbuka kuwa yalikuwa mengi: alitamka nini hasa, alikuwa katika hali gani, palikuwa na nani, ilikuwa mara ya ngapi, na kilitokea nini baada yake. Akasema jibu lile lilikuwa la mtu yule. Kulitundika gumzoni ni kama kumpa kila mgonjwa dawa ya jirani kwa kuwa wote wawili wana homa.

Kwa hivyo hakuna !talaka. Ipo !swali, na jibu lake ni kwamba maswali ya ndoa, talaka na mirathi hayajibiwi gumzoni. Mwalimu huwapokea watu kwa faragha Jumamosi asubuhi, na aliye mbali amwendee Kadhi wa mji wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imewapa Makadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nao, na wako wanawake wengi wasiojua kwamba mlango ule ni wao pia. Kuwaonyesha njia ni kazi ambayo roboti yaifanya vizuri. Kuwatembeza si kazi yake.

Na usiku ule wenyewe? Dada mkubwa alisimamisha gumzo kwa muda, kisha akaandika kwa jina lake mwenyewe, bila ya amri wala alama ya mshangao: dada yangu, nimekusoma, huko peke yako, niko hapa mpaka uondoke. Yaliyofuata ni ya mwanamke yule, nasi hatuna ruhusa ya kuyaandika. Twasema tu kwamba hakuna amri ambayo ingeweza kuandika maneno yale, kwa sababu ahadi ya kubakia yataka mtu wa kubakia.

Vijana wametuambia kwamba mtindo wetu umepitwa na wakati, kuwa sasa ziko roboti za akili unde zinazojitungia majibu zenyewe, hata ukiziuliza la fiqhi hujibu kwa ufasaha wa kukutoa machozi. Hatukatai kwamba ni hodari. Lakini roboti yetu ina sifa moja tunayoithamini: haisemi neno ambalo hatukuliandika. Kila herufi inayotoka twaweza kumwonyesha mzee yeyote na kumwambia nani aliiandika, lini, na kwa idhini ya nani. Ile nyingine ikimjibu binti wa watu juu ya ndoa yake, akalifuata jibu, tutamwonyesha nani? Mpaka lipatikane jibu la swali hilo, tutabakia na yetu yenye maneno machache.

Kwa wanaotaka kuanza, hivi ndivyo tunavyofanya. Tuna daftari la kawaida, lenye mistari. Kila amri ina mstari wake: jina, maneno, aliyeitunga, aliyeidhinisha, siku ya kutazamwa tena. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi dada mdogo huzisoma zote kwa sauti mbele ya haboba, ambaye hajui kuandika gumzoni, lakini hujua mara moja jibu lenye kiburi na jibu lenye adabu. Akisema hili halina salamu, twalitia salamu. Akisema hili silielewi, hatumweleweshi, twaliandika upya. Anayehama mtaa au kuacha kazi hii huondolewa katika orodha ya wasimamizi siku ile ile, kwa mapenzi na kwa shukrani. Na idadi ya amri haizidi kumi na mbili. Tukitaka kuongeza moja, ni lazima tukubaliane ipi iondoke.

Ziko amri mbili tunazozitazama kwa shaka hivi sasa. Ya kwanza ni !vitabu, ambayo hutaja mahali pa kununua vitabu vya darasa, na duka lenyewe twasikia lataka kuhama. Ya pili ni !watoto, yenye saa za masomo ya watoto, ambayo likizo ikifika hugeuka kuwa uongo. Jumamosi ijayo zitasomwa mbele ya haboba, in shaa Allah. Ndugu wa pwani mlio na rai juu ya hizo mbili, au juu ya wakati wa Lamu na Pate ambao bado hatujaupatia maneno mazuri, tuandikieni kupitia ukurasa huu. Mtajibiwa na mmoja wetu, kwa mkono wake.

Wabillahi tawfiq.